Hata Jina Hawakumuuliza

Mpwa wangu ametazama sinema ya zamani ya kutisha kwenye simu usiku, amejifunika blanketi, na asubuhi akanijia kabla hata ya chai. "Anko, kwa nini walimpiga Ben risasi na alikuwa mzima?"

Swali hilo limenirudisha kwenye ukumbi wetu wa Umoja, ile Jumamosi tulipowaonyesha majirani sinema hiyo hiyo, Night of the Living Dead, ya wafu wanaofufuka na kula watu.

Kwa nini hiyo? Kwa mtu anayeanza sinema za kutisha za zamani, sijaona mlango mzuri zaidi. Pia ni rahisi kuipata. Mwongozaji George Romero aliitengenezea Pennsylvania, Marekani, karibu na Pittsburgh, kwa takriban dola 114,000, ikatoka Oktoba 1968. Jina lake la awali lilikuwa Night of the Flesh Eaters. Msambazaji alipobadilisha jina, picha ya jina jipya ikawekwa bila alama ya hakimiliki, na sheria ya Marekani wakati huo haikusamehe: hakuna alama, hakuna hakimiliki. Tangu hapo kila mtu akaichapa apendavyo, na nakala nyingi ni mbovu. Kuna zenye giza totoro, kuna zilizokatwa juu na chini, kuna zilizopakwa rangi. Toleo la kuadhimisha miaka 30 lilichomekewa vipande na muziki visivyokuwamo, na sishauri mtu yeyote aanzie hapo. Itafute ile ya dakika 96 iliyosafishwa kutoka kwenye negativu yenyewe chini ya Museum of Modern Art ya New York, ya 2016. Ndani yake hata nyasi za makaburini zinahesabika.

Matayarisho yalikuwa ya kawaida. Projekta ya kukodi, lumeni 3,000, ikaketi mita nne na nusu kutoka ukutani. Shuka jeupe likapigwa pasi na kubandikwa moja kwa moja ukutani, kwa sababu likining'inizwa hewani sehemu ya mwanga hupenya nyuma na picha hupauka. Madirisha tuliyaziba kwa mablanketi. Sinema ya rangi huvumilia mwanga kidogo wa taa ya barabarani, lakini hii ni nyeusi na nyeupe, na weusi ukiwa kijivu hakuna tena pa kujificha kitu. Umbo la picha nalo lina masharti yake: ni upana wa 1.37 kwa kimo cha 1, karibu mraba. Projekta za siku hizi zimezoea picha pana, na ukiziachia zitavuta nyuso za watu ziwe kama chapati. Weka 4:3, acha weusi ubaki pembeni.

Kilichotusumbua ni sauti. Kijana wa spika alileta spika moja kubwa yenye amplifaya ndani, na waya mmoja, huku jeki ndogo ya laptopu, kule jeki nene. Akajaribu kwa wimbo wa benga. Magitaa yalilia vizuri, ila mwimbaji alisikika kwa mbali sana. Watu wakasema ni uzee wa spika. Saa moja na nusu taa zikazimwa, sinema ikaanza, gari likapanda kilima kuelekea makaburini, na ukumbi mzima haukusikia chochote isipokuwa feni ya projekta.

Sababu yake inafaa kujulikana na yeyote anayetaka kuonyesha sinema za zamani. Kitundu cha spika kile kilikuwa cha balansi. Hupokea mawimbi mawili, hupindua moja, kisha huyajumlisha, ili kelele iliyodakwa njiani na waya ijifute yenyewe. Ukikipelekea stereo, yaani sauti mbili za kushoto na kulia, kinafuta chochote kilicho sawa kushoto na kulia. Kwenye benga, magitaa yamepangwa huku na huku, yanabaki. Mwimbaji yuko katikati, anafutika. Sasa sinema ya 1968 ni mono. Kushoto na kulia ni kile kile, kwa hiyo ilifutika yote. Kijana wa spika akabadilisha waya, akaongeza sauti mpaka mwisho, akaiweka laptopu kwenye mono, jambo ambalo huzidisha tatizo.

Wakati huo vijana wa nyuma walikuwa wamekwisha kuichukua sinema. Mmoja akasimama na kuanza kuitafsiri kwa mtindo wa DJ Afro, yule Mkenya anayesimulia sinema za kigeni kwa Kiswahili cha mzaha. Pale makaburini kuna kaka na dada wameleta shada la maua, na nyuma yao, mbali kabisa, mwanamume mrefu anatembea kwa kuyumba. "Huyu mzee anatafuta nauli ya Githurai!" Ukumbi ukavunjika mbavu. Mzee akamrukia dada, watu wakacheka. Kaka akaangukia jiwe la kaburi, wakacheka zaidi.

Msichana mmoja anayeshughulikia vyombo vya kwaya kanisani kwao ndiye aliyepita katikati ya viti, akafungua mipangilio ya laptopu na kusogeza mizani ya sauti yote kushoto. Upande mmoja ukiwa kimya, spika haina cha kufuta. Barbra, yule dada wa makaburini, alikuwa ndio kwanza ameingia katika nyumba ile ya shambani na kukutana na vichwa vya wanyama vilivyotundikwa ukutani, na muziki ukapiga ukelele. Mtoto wa mbele akapanda mapajani mwa mamake. Ule muziki haukutungiwa sinema hii. Mwingi ulitoka kwenye maktaba ya muziki uliokwisha kurekodiwa, tena umepangwa kwa ustadi. Mtafsiri wetu akaketi.

Saa moja iliyofuata ilikwenda haraka. Damu ni sharubati ya chokoleti, kwa sababu kwenye nyeusi na nyeupe kinachohitajika ni uzito na giza. Lakini matumbo wanayotafuna wale wafu ni ya kweli; mmoja wa waliochangia pesa alikuwa na biashara ya nyama. Mama auzaye matumbo pale sokoni alitambua papo hapo. "Hayo si ya kuigiza," akasema, na viti viwili vikasogea mbali na shuka.

Kisha asubuhi ya mwisho. Ben, shujaa wa sinema, peke yake ndiye amesalia, chini kwenye stoo ya ardhini. Nje kuna mbwa, helikopta, wanaume wenye bunduki wakisafisha mashamba kwa kuwapiga wafu risasi. Ukumbi ulipiga makofi, msaada umefika. Ben anapanda ngazi polepole, anavuka sebule iliyovurugwa, anakaribia dirisha akiwa na bunduki mkononi. Hapo ndipo vijana wa nyuma, wale wale wa nauli ya Githurai, walipoanza kupiga kelele, na safari hii hawakuwa wakifanya mzaha. "Inua mikono! Weka hiyo chini, inua mikono!" Walikuwa wamesimama. Mmoja alikuwa ameinua yake mwenyewe, viganja wazi. Risasi ikapigwa mara moja. Zikafuata zile picha mnato zenye chembechembe, kama za gazeti, kulabu za nyama, mwili unaburutwa, na majina ya waigizaji yakipita juu yake. Mlinzi wa ukumbi aliunyoosha mkono awashe taa, akazuiwa. Mama mmoja akasema, "Hata jina hawakumuuliza."

Maelezo ya vitabuni ninayo. Romero alisema daima kwamba Duane Jones, mwigizaji mweusi, alipewa nafasi ya Ben kwa kuwa aliwashinda wengine kwenye majaribio, na kwamba maandishi hayakutaja rangi ya ngozi. Alisimulia pia kwamba walikuwa njiani kwenda New York na sinema iliyokamilika walipotangaziwa redioni kuwa Martin Luther King, mpigania haki za Weusi wa Marekani, ameuawa, Aprili 1968. Hata hivyo yote hayo hayaelezi ile mikono iliyoinuliwa Umoja. Nimezoea kuwaambia watu kwamba hofu huingilia sikioni, na ushahidi upo: mwongozaji John Carpenter aliionyesha sinema yake Halloween ya 1978 bila muziki kwa ofisa mmoja wa studio, naye hakushtuka hata kidogo, mpaka ile piano ya mapigo matano ilipoongezwa. Sehemu ya kwanza ya usiku wetu ilikubaliana naye kabisa. Sehemu ya mwisho sijui niiweke wapi. Picha zile zina sauti za redio za mbali, hazina ukelele wa kushtua.

Mpwa wangu nimemwambia atazame Carnival of Souls ya 1962, kisha The Thing ya 1982, halafu tuzungumze.

Usiku ule hakuna aliyeondoka upesi. Walibaki mlangoni wakibishana kuhusu Cooper, yule mwanamume mkali aliyesisitiza tangu mwanzo kwamba wote washuke chini. Vijana walishikilia kwamba Cooper alikuwa sahihi, kwani Ben aliyempinga aliokolewa usiku kucha na stoo ile ile. Msichana wa kwaya akasema chini kungekuwa salama kama binti wa Cooper hangekuwa ameumwa na mfu na kulazwa huko. Mwuza matumbo akamgeukia: "Sasa ulitaka wamwache mtoto juu?" Na ubishi ukaanza upya.