Morris ya baba na injini ya Toyota

Baba alipofariki ilibaki Morris Minor yake ya 1959, imeegeshwa chini ya mwembe nyumbani Fuoni, Unguja, matairi hayana upepo, na sie watoto kila mtu ana lake la kusema. Mie nilitaka ibaki vile vile. Kaka alitaka gari ya kutembelea, sio ya kutizama, na siku ile alikuja na fundi kabisa.

Fundi kafungua boneti, kaangalia, kasema, "Hii nkutolee, nkutilie injini ya 4K, ya Toyota Corolla, na giaboksi yake ya gia tano, utakwenda Makunduchi na kurudi huna wasiwasi." Na wallahi hoja alikuwa nayo, maana injini ile ya Morris ni cc 948, nguvu farasi 37 tu, na spea za Toyota zimejaa mjini wakati za Morris mpaka uagizie Uingereza. Kaka kashakubali, anataka kutoa advansi pale pale.

Mie nikauliza, Fundi, hiyo giaboksi itakaa wapi? Kaingia ndani na chaki, kapiga mstari kwenye sakafu pale katikati ilipoinuka, kasema hapa tunakata, na ile kros-memba, chuma kilichokingama chini, tunaitoa, halafu tunawelidi nyengine. Sasa Morris haina chesisi ya peke yake kama Land Rover, ile bodi na sakafu ndio chesisi yenyewe, ukishakata hairudi tena kama ilivyokuwa. Na breki zake zote nne ni za dramu, ndogo, zimetengenezwa kwa farasi 37, kwa hivyo ukitia Toyota na breki ubadilishe, na difu ubadilishe, mwisho cha baba kinabaki milango na taa!

Tukiwa tunabishana kaja ami. Yeye hakusema kitu, kamwambia fundi alete betri. Fundi anataka kufunga negativu kwenye bodi kama gari zote, ami kamkamata mkono, "Sio hivyo Fundi, hino pozitivu ndio inakwenda bodi." Kisha kaingia kwenye kiti cha dereva kagusa kijiti cha indiketa. Morris za wakati ule, kabla ya 1961, hazina taa za kuwaka na kuzima, zina mikono, kijikono kinatoka kwenye nguzo baina ya milango kina taa ya manjano ndani. Wa kulia ukatoka. Wa kushoto kimya. Ami kapiga nguzo kwa ngumi, mara moja tu, mkono huo ukachomoza, na kaka kageuka upande wa pili maana baba alikuwa akipiga pale pale, na sie nyuma tukimpigia makofi.

Pale ndio tukaelewana: kinachofungwa kwa bolti ruhusa, cha kukata hapana. Injini ikafunguliwa ikatiwa pistoni, ringi na beringi mpya, spea kaja nazo binamu yetu kutoka Uingereza kwenye sanduku la nguo, kule bado zinatengenezwa kwa sababu Morris Minor zilitoka zaidi ya milioni moja na nusu. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu, chumvi ya hewa yetu haina huruma, fundi kaiziba kwa bati kafuata umbo lile lile, na kazi ile kaifanya vizuri mno. Taa ndogo za indiketa tumeongeza, bodaboda hawaijui mikono na roho za watu sio za kuchezea.

Kaka alitaka na oltaneta ya kuchaji betri badala ya dainamo, nikakubali, waya za betri zikageuzwa, sasa negativu ndio inakwenda bodi. Dainamo ya asili nimeipaka grisi nikaifunga kwenye gunia, ipo uvunguni kwa mama na bolti zake, akitokea mtoto wetu anaitaka gari ilivyotoka kiwandani ataifunga mwenyewe.