Siku Moja Maishani Mwangu: Kupima Usomaji wa Watoto wa Chekechea Kyoto

Saa mbili na nusu asubuhi nafika katika shule ya chekechea hapa Kyoto, Japani, nikiwa na vibao vya mbao, kadi za picha na saa ya kupimia sekunde. Mimi ni mtafiti msaidizi, na kazi yangu ni kupima stadi za akili zinazomwezesha mtoto kusoma na kuandika hiragana, yaani herufi za Kijapani ambazo kwa kawaida kila moja huwakilisha pigo moja la sauti, kabla ya kuanza darasa la kwanza, mwezi wa Aprili.

Saa tatu naanza na watoto wa miaka mitano, mmoja mmoja. Namwonyesha mtoto picha, naye husogeza kibao kimoja kwa kila pigo la sauti analolisikia katika jina la kitu hicho. Neno "kame", yaani kobe, halimsumbui yeyote. Ugumu huja kwenye "kitte", yaani stempu, lenye mapigo matatu: pigo la katikati ni kimya kifupi tu, lakini lina herufi yake ndogo, na mtoto asiyelitambua huweza kuandika "kite", yaani njoo. Sauti "n" inayomalizia "hon", kitabu, nayo huhesabiwa peke yake, jambo lisilomshangaza Mswahili anayetamka "m" ya "mtu".

Saa nne na nusu ni zamu ya kutaja mfululizo wa picha za vitu vya kawaida upesi kadiri mtoto awezavyo. Zoezi hili huonekana dogo, ila kasi hiyo huendana na ufasaha wa kusoma. Ndiyo maana sishawishiki sana mzazi anapojivunia kwamba mwanawe anazijua herufi zote 46 za msingi. Kuijua herufi na kuitambua bila kusita ni mambo mawili.

Baada ya chakula cha saa sita watoto hucheza shiritori: kila mmoja hutaja neno linaloanza na pigo lililomalizia neno lililotangulia, na anayetaja neno linaloishia kwa "n" ameshindwa. Mchezo huu hufundisha kile ninachokipima kwa vibao, tena bila kumchosha mtu.

Saa saba wanaandika maneno ninayowasomea. Hapo sikio pekee halitoshi, kwa kuwa "o" ndefu ya "ookii", kubwa, huandikwa kwa "o" mbili, ilhali ya "ousama", mfalme, huandikwa kwa "o" na "u", ingawa hutamkwa sawa. Mtoto hana budi kulikumbuka umbo la neno lenyewe.

Saa kumi, chuoni, naingiza alama kwenye kompyuta. Za kuandika naziweka safu yake, mbali na za kusoma, maana aliyesoma "ousama" bila kusita ndiye huyohuyo aliyeiandika kwa "o" mbili.