Zamu, Likizo na Vyama: Baada ya Mafunzo ya Wasimamizi

Wiki hii sisi wakuu wa vitengo katika hoteli yetu, iliyopo mwambao wa mashariki wa Unguja, tulikaa kwenye mafunzo ya uongozi yaliyohusu jambo ambalo kwa miaka mingi tumelikwepa kwa adabu: namna ya kuwasimamia watu ambao siasa zimewatenganisha. Naandika mjadala ukiwa bado mbichi kichwani, kwa sababu naamini jambo hili ni zito kuliko linavyochukuliwa makazini kwetu.

Asiyekulia Zanzibar huenda akadhani kwamba tofauti za vyama huisha pamoja na kampeni. Sisi tuliokuwa na akili zetu baada ya uchaguzi wa 1995 tunakumbuka watu wakisusiana maziko na harusi, na mteja akilipita duka la jirani yake kwenda mbali kwa sababu tu mwenye duka alikuwa wa chama cha pili. Tunakumbuka pia mauaji ya Januari 2001, na Wapemba waliokimbilia Shimoni, nchini Kenya. Kisha tukaona jambo ambalo wengi hatukulitarajia: tarehe 5 Novemba 2009 Rais wa Zanzibar, Amani Abeid Karume wa chama tawala cha CCM, na Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa chama cha upinzani cha CUF, walikutana Ikulu, na tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakaikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, yaani ya vyama kugawana madaraka, katika kura ya maoni kwa asilimia 66.4. Uchaguzi wa Oktoba mwaka huo ulipita kwa utulivu, ingawa Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM alimshinda Maalim Seif kwa takriban asilimia moja. Lakini matokeo ya 2015 yalipofutwa na uchaguzi kurudiwa Machi 2016, shaka za zamani zilirudi haraka mno.

Mkufunzi aliuliza swali ambalo limenikaa moyoni: viongozi walishikana mikono Ikulu, je, jikoni, mapokezi na chumba cha kufulia kazi hiyo aliachiwa nani? Jibu ninaloliona ni kwamba hakuachiwa mtu, na ndiyo sababu maridhiano ya juu hayakupata mizizi huku chini. Mfanyakazi hakutani na Katiba kila asubuhi. Anakutana na msimamizi wake, ambaye ndiye anayepanga zamu, anayepitisha likizo na anayependekeza nani aongezewe mkataba.

Mfano uliotuchukua muda mrefu zaidi ulikuwa wa likizo za siku ya kupiga kura. Wafanyakazi wetu kadhaa wameandikishwa Pemba, na ili wapige kura ni lazima wapande boti, wafike kwao na warudi, jambo linalohitaji siku kadhaa. Wenzao wa vijiji vya jirani huhitaji saa chache tu. Msimamizi akisema kila mtu apewe siku moja, atajiona ametenda haki, kumbe kwa kipimo hicho upande mmoja utapiga kura na mwingine utabaki kazini. Na kwa kuwa hapa kwetu asili ya mtu huchukuliwa kuwa ndiyo chama chake, hata kama si kweli, uamuzi ule wa ratiba utasomwa kama uamuzi wa chama. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika Ibara ya 13, inataja maoni ya kisiasa miongoni mwa mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo, na Mkataba Namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani wa 1958 unasema hivyohivyo kuhusu ajira. Nafurahi kwamba sheria ipo, lakini shaka ya aina hii haifiki mahakamani. Huishia kwenye minong'ono ya chumba cha kubadilishia nguo.

Tulielezwa pia hoja ya mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, aliyeandika mwaka 1954 kwamba makundi yanayohasimiana hayapatani kwa kukutanishwa tu. Yanahitaji hadhi sawa, lengo moja, kazi ya kushirikiana na wakubwa wanaounga mkono jambo hilo waziwazi. Lengo moja na ushirikiano tunavyo, kwa kuwa chakula cha wageni hakipikwi kwa itikadi. Hadhi sawa ndiyo inayotupungukia.

Zoezi lililonigusa lilikuwa la watu wawili wawili: kila mmoja aeleze msimamo wa mwenzake na sababu zake, mpaka mwenye msimamo akiri kwamba ameelezwa sawasawa. Mkuu wa jikoni, mtu mzima ambaye sote tunamwita Mzee, alipangwa na kijana wa mapokezi. Kijana alijaribu, Mzee akatikisa kichwa na kusema, "Hapana, mwanangu, hujafika bado." Kijana akajibu, "Basi nifahamishe, Mzee wangu." Mzee akasimulia maisha ya wazazi wake kabla ya 1964, na kwa nini kwake Mapinduzi si suala la kubishaniwa. Hawakukubaliana, wala hawakutakiwa kukubaliana, lakini sijapata kuwaona wakizungumza kwa muda mrefu kiasi kile.

Jambo moja silikubali. Baadhi yetu walipendekeza tupige marufuku mazungumzo ya siasa kazini. Naelewa hofu yao, na sare za vyama hakika hazina nafasi mbele ya wageni, ila kunyamazisha watu kutawarudisha kila kundi barazani kwake, ambako hakuna wa kuwapinga.

Tumekubaliana kwamba orodha za zamu na likizo zibandikwe pamoja na vigezo vyake, na siku za safari ya kwenda kupiga kura zihesabiwe kwa umbali. Suala la mikataba halijaamuliwa. Mingi humalizika kabla ya masika, wageni wanapopungua, na nimeuomba uongozi kwa maandishi kwamba kila pendekezo la kumuacha mtu liambatane na sababu ya kikazi na lipitiwe na wasimamizi wawili wa vitengo tofauti.