Nilivyohangaika na fremu ya picha moja

Ukiwa Dodoma na unataka fremu ya picha, usiingie mtaani ukasema tu "natafuta fremu". Maliza kabisa: fremu ya picha. Mimi niliishia kwenye "fremu" tu kwa kijana mmoja karibu na Soko la Majengo, akanijibu, "Fremu ipo mama, tena imetazama barabara, ila mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita." Kabla sijajieleza ameshapiga simu, mwenzake kaja na pikipiki, wananihadithia habari za chumba cha duka, mita ya umeme na choo cha nyuma. Niliwaacha waendelee maana na mimi nilitaka kujua bei. Nilipowaambia ni ya kuweka picha ya mtoto, yule wa pikipiki aliniangalia kama nimemnywea mafuta yake. Tangu Serikali ihamie huku, kila mtu dalali.

Picha yenyewe ni ya mahafali. Neema, mwanangu wa kwanza, kamaliza chuo kikuu, UDOM, tukapiga wanne: baba yake, mimi, yeye na joho lake, na shangazi yangu aliyetoka Mvumi alfajiri na kitenge ambacho hakijafuliwa hata mara moja. Mpiga picha akatusafishia kwa A4 bila kuuliza. "Ndiyo saizi ya kawaida hiyo, mama, fremu zake zimejaa." Ni kweli zimejaa, lakini ni zile nyembamba nyeusi za kuwekea vyeti. Mimi nilikuwa nimeipenda moja ya rangi ya dhahabu, ina maua kwenye kona.

Hapo ndipo nilipojiona mjanja. Nikatoa rula kwenye pochi, nikaipima ile fremu mbele ya muuzaji, mwisho mpaka mwisho: inchi 10 kwa 12. A4 ni inchi 8 na robo hivi kwa karibu 11 na robo tatu. Nikasema inaingia na nafasi inabaki. Muuzaji kanyamaza, kachukua elfu kumi na kitu yake. Nafika nyumbani, nafungua nyuma, picha haiingii. Nilikuwa nimepima mbao! Saizi ya fremu ni ya picha inayokaa ndani, siyo ya nje, na hiyo yangu ilikuwa ya 8 kwa 10. Nyuma palibandikwa karatasi ndogo inayosema hivyo hivyo, sikuigeuza.

Nikarudi. Muuzaji akasema, "Si unakata tu kidogo, mama."

Kidogo ni karibu inchi mbili. Kushoto mwa picha alisimama mume wangu, kulia shangazi. Nilikaa na mkasi dakika kumi nzima nikipima ndoa na ukoo. Mwisho nikaona mume ninalala naye nyumba moja, ataona kila siku. Shangazi yuko Mvumi. Nikakata kulia. Ikaingia vizuri, nikaitundika, nikarudi nyuma kuitazama. Shangazi hayupo, lakini mkono wake umebaki begani kwa Neema, na bangili na kipande cha kitenge, mkono usio na mwenyewe. Mtoto wangu wa mwisho akauliza ni wa nani. Ningeishia hapo kimya kimya, ila baba Neema, bila kuangalia, akaipiga picha pale ukutani akaituma kwenye kundi la ukoo. Jioni ikaja sauti ya shangazi, sekunde tisa: "Mwanangu, mkono wangu nimeuona. Mimi mwenyewe nimekwenda wapi?"

Basi nikaanza upya. Baba Neema akatoa ushauri wake: nunua kubwa, kubwa haikosi. Ikanunuliwa ya 12 kwa 16, kama elfu ishirini na tano hivi, sikumbuki vizuri na sitaki kukumbuka. Picha nikaisafisha tena, safari hii kwa binti mmoja wa studio ya Makole, na yeye ndiye mtu wa kwanza kuniuliza picha ilipigwa kwa kamera au kwa simu. Ya kamera nyingi kubwa ina umbo la 3 kwa 2, akasema, ukiitaka nzima chukua 4 kwa 6 au 8 kwa 12; ukisema 8 kwa 10 lazima kuna mtu atakatwa. (Nilimjua huyo mtu.) Za simu mara nyingi ni 4 kwa 3, hizo 6 kwa 8 au 12 kwa 16 zinatoka kamili. Akakataa pia ile niliyotumiwa kwa WhatsApp, maana imepunguzwa, ikikuzwa nyuso zinakuwa uji. Mpiga picha akaituma tena kama dokumenti, ikaja na uzito wake.

Nikachukua 8 kwa 12. Ndani ya fremu ya 12 kwa 16 ikateleza chini, ikakaa mshazari kama abiria aliyesinzia. Kubwa haikosi, eti.

Sasa hapa nijisifu kidogo. 12 toa 8 ni 4. 16 toa 12 ni 4. Yaani zinabaki inchi mbili kila upande, sawasawa pande zote, bila kupanga! Nikanunua manila nyeupe ili nikate dirisha katikati. Ya kwanza niliikunja nikakata kwa mkasi kama tulivyokata maua shuleni, mkunjo ukabaki unaonekana. Ya pili nilitumia wembe, ukapitiliza kila kona, ikawa na masharubu. Ya tatu nikachora nyuma dirisha la inchi 7 na nusu kwa 11 na nusu, ili manila ilalie picha robo inchi kila upande. Kisha nikatoboa kona nne kwa sindano na kukata kutoka tundu hadi tundu, rula ya chuma pembeni, boksi nene chini. Wembe ukifika tundu unasimama. Nikagandisha manila mbili kwa pamoja, picha isiguse kioo, maana ile ya harusi yetu ilikaa miaka inagusa kioo na sasa haibanduki. Na usiigundishe picha pande zote, itakunjamana. Selotepu juu tu, iachwe ining'inie.

Ukutani tulikata gazeti saizi ya fremu, tukalibandika kwanza. Juu ya kochi la watu watatu likaonekana kama stempu, tukalihamishia ukuta mwembamba kati ya mlango na dirisha, ambako jua la jioni halifiki. Katikati ya picha iwe usawa wa macho, lakini macho ya nani? Baba Neema ni mrefu. Nilishinda mimi, sentimita 145 kutoka sakafuni.

Shangazi alikuja na mfuko wa karanga. Hakukaa kwanza. Alisimama mbele ya picha akahesabu kwa kidole, mmoja, wawili, watatu, alipofika kwake akatua kidogo, akatengeneza kitenge alichovaa kama vile wa kwenye picha ndiye aliyelegeza. Halafu akauliza ile ya mkono iko wapi. Nilikuwa nimeificha uvunguni. Akaitaka, na fremu yake ya maua. Sasa iko kwake Mvumi, sebuleni, na mgeni akiingia anaonyeshwa mkono kwanza, kisha anasimuliwa mimi.