Kabla ya Kulaumu Goti, Tazama Wayo

Hapa Busia, upande wa Uganda, riziki ya watu wengi hutafutwa kwa miguu. Wapo wanaosimama sokoni tangu alfajiri hadi giza linapoingia, wapo wanaobeba magunia kuvuka mpaka, na wapo wanaosukuma mikokoteni juani siku nzima. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia katika mji huu, lakini wanaokuja kwangu kwa ajili ya miguu yenyewe ni wachache. Wengi husema kiuno kinawauma, goti limekataa kukunjika, au nyonga inawachoma usiku. Ninapowaomba wavue viatu na soksi hushangaa, na baadhi yao huona haya kwa sababu ya magaga au kucha zilizobadilika rangi. Mzee mmoja aliniambia kwa upole, "Mwanangu, nimesema ni mgongo." Nikamjibu, "Nimekusikia, mzee wangu, na mgongo nitaufikia, lakini niruhusu nianzie chini." Kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilikuwa kimekakamaa kiasi kwamba hakikuweza kupinda kwenda juu hata nilipokisaidia kwa mkono.

Huenda jambo hilo likaonekana dogo, kwa hiyo nieleze kwa nini nalitilia uzito. Mtu anapotembea, kisigino hugusa ardhi kwanza, uzito wa mwili ukapitia upande wa nje wa wayo, kisha ukahamia mbele hadi kwenye kidole gumba, na hapo ndipo mwili husukumwa kwenda mbele. Ili msukumo huo ukamilike, kidole gumba hakina budi kupinda kwenda juu huku kisigino kikiinuka. Kikikataa, mwili hauachi kutembea. Hutafuta njia nyingine. Wayo hugeuzwa nje, hatua hufupishwa, uzito hutupwa kwenye ukingo wa nje, na paja halirudi nyuma kadiri linavyopaswa, hivyo kiuno hulazimika kujikunja ili kufidia upungufu huo. Mwenye mguu hafanyi hayo kwa kukusudia na wala hajui kwamba anayafanya. Anachokijua ni kwamba ifikapo jioni mgongo umechoka. Sisemi kwamba kila maumivu ya mgongo yanatoka mguuni, kwa maana mgongo una maradhi yake mengi; ninachosema ni kwamba mguu usipochunguzwa, sababu mojawapo iliyo rahisi kuonekana huachwa bila kuangaliwa.

Wayo mmoja una mifupa 26 na viungo 33. Ukihesabu miguu yote miwili unapata mifupa 52, yaani robo ya mifupa yote 206 ya mtu mzima. Wingi huo una kazi yake, kwa sababu wayo unatakiwa kufanya mambo mawili yanayopingana: kulegea unapotua ili uchukue umbo la ardhi na kupunguza mshindo, kisha kukaza papo hapo unapoinuka ili usukume. Siri ya mabadiliko hayo iko katika utando mnene wa nyuzi unaoanzia chini ya kisigino na kusambaa hadi kwenye vidole. Mwaka 1954 daktari Mwingereza aitwaye J. H. Hicks alieleza kwamba vidole vinapopinda kwenda juu, utando huo huvutwa, uvungu wa wayo ukapanda, na wayo mzima ukawa mgumu. Unaweza kulithibitisha ukiwa umeketi hapo ulipo: weka wayo sakafuni, inua kidole gumba kwa mkono wako, na utazame uvungu ukipanda wenyewe. Uvungu unaposhuka, mfupa wa muundi nao huzunguka kidogo kuelekea ndani, na paja hufuata. Ndiyo maana goti, ambalo limekaa katikati ya mifupa hiyo, huhisi mengi yanayotokea chini yake.

Kila hatua ya kutembea huutwika mguu mzigo unaozidi kidogo uzito wa mwili, na katika kukimbia mzigo huo hufika mara mbili au tatu ya uzito huo. Mtu anayetembea siku nzima hurudia jambo hilo maelfu ya mara. Kasoro ndogo inayorudiwa maelfu ya mara kila siku haiwezi kubaki ndogo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mama mmoja muuza mukene, yaani dagaa. Alikuwa anasimama juu ya sakafu ya simenti akiwa amevaa kandambili zilizolika hadi zikawa nyembamba kisiginoni. Alikuja kwa sababu ya nyonga ya kushoto, ambayo alikuwa ameisugua dawa za kila aina. Nilipomuuliza kuhusu asubuhi, alieleza bila kusita kwamba hatua za kwanza anaposhuka kitandani humchoma chini ya kisigino cha kulia kana kwamba amekanyaga msumari, kisha maumivu hupungua akishatembea kidogo, na hurudi jioni. Hakuwa ameyahesabu kuwa ugonjwa; alidhani ni uzee. Nilipobonyeza sehemu ya ndani ya kisigino chake, aliruka. Kwa miezi kadhaa alikuwa akiuepusha mguu wa kulia, akikanyaga kwa ncha ya wayo na kuutupa mwili wote upande wa kushoto, na nyonga ya kushoto ndiyo iliyobeba gharama.

Nyonga hatukuigusa sana. Tulianza na leso. Kila asubuhi, kabla ya kushuka kitandani, aliizungusha leso kwenye sehemu ya mbele ya wayo na kuivuta taratibu kuelekea kwake, goti likiwa limenyooka, ili shavu la mguu na utando wa chini ya wayo vinyooke kabla ya kubeba uzito. Baadaye tuliongeza zoezi la nguvu ambalo watafiti wa Denmark walilichunguza na kuchapisha matokeo yake mwaka 2014: mtu husimama kwenye ngazi huku taulo iliyoviringwa ikiwa chini ya vidole, hupanda polepole kwa ncha ya mguu, hutulia juu kidogo, kisha hushuka polepole vilevile, siku moja kwa kupishana na nyingine. Katika utafiti huo, waliofanya zoezi hilo walikuwa na nafuu kubwa zaidi baada ya miezi mitatu kuliko waliojinyoosha tu, ingawa baada ya mwaka makundi yote mawili yalikuwa yamefika karibu mahali pamoja. Huwa nawaeleza wagonjwa habari hiyo yote, kwa sababu maumivu ya kisigino huchukua miezi kuisha, na mgonjwa asiyeambiwa mapema huacha mazoezi katika wiki ya tatu akidhani hayamfai. Mama huyu alitafuta kipande cha mpira mzito cha kusimamia, akanunua viatu vyenye soli nene na kisigino kilichoinuka kidogo, na akajiwekea kreti la kukalia wateja wanapopungua. Nyonga ilitulia kabla kisigino hakijapona kabisa, na kwangu hilo lilitosha kuonyesha chanzo kilikuwa wapi.

Suala la viatu halina budi kuzungumzwa kwa kuzingatia mifuko yetu. Wengi wetu tunavaa mitumba, na sioni ubaya wowote katika hilo, mradi mtu ajue kwamba kiatu kilichovaliwa kimeshachukua mwendo wa mwenye nacho wa kwanza. Kiweke juu ya meza ya muuzaji na ukitazame kwa nyuma: kama kimeinama upande mmoja, kitakuinamisha nawe. Bonyeza sehemu inayokumbatia kisigino. Inapaswa kuwa imara. Jaribu kukipinda, kinapaswa kupinda pale vidole vinapopinda, si katikati ya wayo. Kuna njia nyingine rahisi ambayo ningependa kila mzazi aijue: simama juu ya karatasi, chora ukingo wa wayo kwa kalamu, kisha weka kiatu juu ya mchoro huo. Mchoro ukitokeza pembeni mwa kiatu, kiatu hicho kitabana vidole hata kama urefu wake unatosha. Ni vyema pia kununua viatu alasiri au jioni, kwa kuwa miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga. Lugabire, yaani ndara za matairi, ninaziheshimu, kwa sababu hazibani vidole na huzuia miiba shambani, ila soli yake ni ngumu mno kwa mtu mwenye kisigino kinachouma.

Mara nyingi naulizwa kama si afadhali kutembea pekupeku kama walivyofanya babu zetu. Swali hili lina ukweli ndani yake. Mwaka 1992 Rao na Joseph, madaktari wa India, walichapisha uchunguzi wa watoto 2300, na wakakuta kwamba nyayo bapa zilikuwa nyingi zaidi miongoni mwa watoto waliozoea viatu kuliko miongoni mwa wale wasiovivaa. Mguu unaokanyaga ardhi hufanya kazi na kupata nguvu, na mtoto anayecheza uani bila viatu mahali pasafi hapotezi chochote. Lakini ardhi yetu si salama kila mahali. Huko Kamwenge, magharibi mwa Uganda, uvimbe wa miguu uliokuwa ukiwasumbua wakulima ulichunguzwa mwaka 2015 na kuthibitishwa kuwa ugonjwa unaosababishwa na chembechembe za udongo wa volkano zinazopenya kwenye ngozi ya watu wanaolima bila viatu kwa miaka mingi. Busoga, mashariki mwa nchi, nayo ilisumbuliwa vikali na funza mwaka 2010. Aliyewahi kumwona mtoto mwenye funza vidoleni anajua anavyotembea: hukanyaga kwa visigino peke yake, magoti yamekakamaa, mwili umerudishwa nyuma, na hawezi kukimbia na wenzake. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba pekupeku inafaa nyumbani palipofagiwa, na shambani inafaa gambuti au viatu vilivyofunikwa, pamoja na kunawa miguu kwa sabuni baada ya kazi na kuikausha vizuri katikati ya vidole, ambako fangasi hupenda kukaa.

Wazazi wengine huniletea watoto wadogo kwa hofu ya nyayo bapa. Mtoto wa miaka mitatu au minne mara nyingi huwa na wayo bapa, na uvungu hujitokeza polepole anavyokua. Mwambie asimame kwa ncha za vidole. Uvungu ukionekana na hana maumivu, mwache acheze. Hata watu wazima wengi wana nyayo bapa na hawaumwi popote. Anayehitaji uchunguzi ni yule ambaye wayo wake ni mgumu, unauma, au umebadilika upande mmoja tu.

Kuna mtoto mmoja ambaye sitaki asubiri hata kidogo, naye ni yule aliyezaliwa na mguu uliopinda kuelekea ndani. Hakuna laana wala uchawi katika hali hii. Hutokea kwa takriban mtoto mmoja kati ya elfu moja wanaozaliwa, na ina tiba. Daktari Ignacio Ponseti, aliyefanya kazi Iowa nchini Marekani, alionyesha kwamba mguu huo unaweza kunyooshwa kwa mikono kidogo kidogo na kufungwa plasta inayobadilishwa kila wiki, kwa kawaida bila upasuaji mkubwa. Njia hiyo imeenea nchini kwetu, na miongoni mwa waliochangia ni Shafique Pirani, daktari wa mifupa aliyezaliwa Uganda na kufanya kazi Canada. Baada ya plasta, mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa ubao, mwanzoni karibu saa zote na baadaye usiku tu, hadi afikishe takriban miaka minne. Hapa ndipo wazazi wengi huchoka, kwa kuwa mguu umeshanyooka na mtoto analia usiku. Viatu hivyo vikiachwa mapema, mguu hurudi kupinda, na mtoto hukua akitembea kwa ubavu wa wayo, goti na nyonga vikifuata mpindo huo maisha yake yote.

Mwisho niwazungumzie wenye kisukari, ambao hunitia wasiwasi kuliko wote kwa sababu hawalalamiki. Sukari inapoharibu mishipa ya fahamu, ngozi ya wayo huacha kupeleka habari juu. Mtu huanza kutembea kwa miguu iliyotanuka, akitazama chini, akiangusha wayo kwa kishindo kwa sababu hajui ardhi iko wapi, na gizani hupepesuka. Kokoto ndani ya kiatu humtoboa mchana kutwa bila yeye kujua. Daktari Paul Brand, alipowahudumia wenye ukoma nchini India, alionyesha kwamba vidonda vya miguu yao vilitokana na shinikizo na majeraha yasiyohisiwa, wala si nyama kuoza yenyewe, na hali ya mwenye kisukari inafanana sana na hiyo. Kila jioni, tazama nyayo zako kwa kioo au mwombe mtu wa nyumbani akutazamie, pamoja na katikati ya vidole. Kung'uta kiatu kabla ya kukivaa. Pima maji ya kuoga kwa kiwiko. Usikate sugu kwa wembe. Omba kipimo cha hisia za mguu kila unapohudhuria kliniki ya sukari. Hufanywa kwa uzi mwembamba wa plastiki unaogusishwa chini ya wayo, huchukua dakika chache, na hakiumizi. Ukiona kidonda, lengelenge au sehemu iliyo nyekundu na yenye joto, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama hakuna kinachouma.