Jumapili ya kanda za baba

Jumapili iliyopita sikutoka nyumbani kabisa na kwa kweli sikumbuki lini mara ya mwisho nimepumzika vile. Nimeamka saa tatu, nikanywa chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha, simu nikaiacha chumbani inachaji, afu nikashusha redio kaseti ya marehemu baba juu ya kabati pamoja na boksi lake la kanda.

Kanda ya kwanza utepe ulikuwa umelegea, ikabidi nitafute peni niingize kwenye kile kitundu chenye meno nizungushe taratiiibu mpaka ukakaza, maana ukiiweka hivyo hivyo redio inaila, na hii siwezi kukubali iliwe kwa sababu ina mwandiko wa baba mwenyewe, "Mbaraka, usifute", amepiga mistari miwili chini. Mbaraka Mwinshehe, yule mwanamuziki wa gitaa, alifariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, mimi sijazaliwa bado, lakini gitaa lile nalijua kama sauti ya mtu wa nyumbani, baba alikuwa kila likiingia solo anaacha anachofanya, hata kama ameshika tonge.

Nikaja kwa Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, na bendi yake Dar International. Jamani zile nyimbo zina subira! Inaanza polepole, unasimuliwa kisa chote, tarumbeta zinaitikia, hakuna anayekukimbiza, afu ghafla magitaa yanabadilika, besi inashuka, mnaingia kwenye chemko na hapo hata mpwa wangu wa miaka tisa ambaye muda wote alikuwa ananiuliza "anko, huu wimbo hauishi?" akainuka kucheza. Sikumwambia kitu, nikaongeza sauti tu.

Mchana baada ya wali na maharage ya nazi tukaangalia Vuta N'kuvute na mke wangu, ile filamu ya Amil Shivji ya 2021. Riwaya ya Adam Shafi nilishaisoma zamani shuleni, nikiwa nawaza mtihani tu, kumbe Yasmin ni binti mdogo kiasi kile, anakimbia ndoa ya kuozeshwa katika Zanzibar ya wakoloni miaka ya 50, safari hii nimemwonea uchungu kweli. Na Kiswahili cha Unguja kinavyotamkwa mle, dah, mke wangu alirudisha nyuma sehemu moja mara tatu asikilize tu watu wanavyoongea.

Jioni washikaji wakaja, tukakaa barazani, mishkaki, kahawa chungu na kashata, na mzee wa nyumba ya pili naye akasikia muziki akaja na kigoda chake. Shikamoo mzee, marahaba, hapo hapo ubishi ukaanza, kati ya bendi hizi mbili za dansi ipi kali, Sikinde au Msondo? Mimi ni Sikinde damu, wale Mlimani Park wa 1978 na Bitchuka anapopanda juu na sauti yake, basi wenzangu wakaruka, Bitchuka si kaimba Msondo pia! Mzee akatunyamazisha, akasema nyie mnabishana Msondo na Sikinde, mnajua kwa nini Msondo imebadilishwa jina mara zote zile? Bendi ilianzishwa 1964 na chama cha wafanyakazi, NUTA, vyombo mali ya chama, wanamuziki wanalipwa mshahara kama karani yeyote, kwa hiyo chama kikiitwa JUWATA na bendi inaitwa JUWATA, kikiwa OTTU na wao wanakuwa OTTU. Nimesikiliza bendi hii maisha yangu yote na sikuwahi kujiuliza hilo, nikamjazia mzee kikombe kingine.

Saa nne wakaanza kuaga. Mzee akaniomba aondoke na kanda moja ya Sikinde akasikilize kwake, nikamwambia mzee wangu nisamehe, kanda hizi hazitoki humu ndani, ila Jumapili ijayo uje mapema tuanze na chai.