Nilivyowafungia nje wanaobahatisha nywila bila kumfungia mwenye duka

Ushauri niliopewa mara nyingi zaidi tangu nilipokabidhiwa mtandao wa duka la jumla pale Kariakoo, pamoja na bohari yake ya Tabata, ni kuihamisha SSH, yaani njia ya kuingia kwenye kifaa na kukiamuru ukiwa mbali, kutoka poti 22 (poti ni namba ya mlango wa huduma kwenye kifaa) kwenda namba yoyote kubwa, kwani baada ya hapo hakuna atakayenisumbua. Bado unatolewa kwa kujiamini, na bado unaniudhi. Tulipoihamisha, kumbukumbu za ruta, kifaa kinachouunganisha mtandao wetu na intaneti, zilitulia kwa muda mfupi, kisha majaribio ya "admin", "root" na "test" yakarudi, yakitoka kwenye anwani za intaneti (IP) za nchi nyingi. Poti za TCP ni 65,535 tu, na programu zinazozipekua hazichoki. Kuhamisha poti kunapunguza kelele, lakini hakumzuii anayebahatisha.

Ieleweke pia kwamba anayebahatisha si mtu aliyeketi mahali akilifikiria duka letu. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta nyingi mno kwa kujaribu, kupitia telnet (njia ya zamani ya kuingia kwenye kifaa ukiwa mbali), orodha ya jozi sitini na kitu tu za majina na nywila za kiwandani. Oktoba mwaka huo vifaa vilivyotekwa vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, hata Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa watu wengi. Nywila za kiwandani nilikwisha kuziondoa. Nilichotaka sasa ni anayekosea mfululizo akatwe.

Ushauri wa pili ulikuwa wa kuifunga akaunti baada ya makosa machache, na huu ulinikera zaidi kwa sababu unasikika kuwa wa busara. Mashine ya kurekodia kamera za bohari ilikuwa tayari inafanya hivyo. Kwa kuwa majaribio ya kuingia kwa jina la "admin" hayakukoma usiku wala mchana, akaunti ilikuwa ikijifunga yenyewe, na aliyebaki nje ni mwenye duka. Alinipigia simu asubuhi moja akaniambia, "Mwanangu, bohari siioni kwenye simu, na mzigo unashushwa sasa hivi." Nilimwomba avumilie, nikaenda Tabata kuizima mashine na kuiwasha upya. Tangu siku hiyo nimeshikilia kwamba kinachostahili kufungwa ni anwani anakotokea mkosaji, wala si jina analolitaja, kwa sababu ukilifunga jina unampa mtu yeyote duniani uwezo wa kumfungia mwenye mali.

Ruta yetu ni MikroTik, iliyonunuliwa kwa laki mbili na ushei. Faiwali yake, yaani sehemu inayochuja mawasiliano yanayoingia, haijui kama nywila imekosewa. Inachokiona ni muunganisho mpya unaofika kwenye poti. Njia inayofahamika kwa watumiaji wa RouterOS, mfumo unaoendesha ruta za MikroTik, ni kupanga orodha za anwani kama ngazi: muunganisho wa kwanza unaiweka anwani kwenye orodha ya kwanza kwa dakika moja, ikirudi ndani ya dakika hiyo inapanda ya pili, kisha ya tatu, na ikirudi tena inaingia kwenye orodha ya waliofungiwa. Utamu wa jambo hili uko kwenye mpangilio wa kanuni. Akili inakutuma uanze na orodha ya kwanza, lakini kanuni inayoongeza anwani kwenye orodha haisimamishi pakiti, yaani kipande cha data kinachopita. Inaiacha iendelee kwenye kanuni inayofuata. Ukizipanga kwa mpangilio huo wa kawaida, muunganisho mmoja tu utapanda ngazi zote papo hapo na mgeni halali atafungiwa kabla hajaandika nywila. Lazima zipangwe kinyume: juu kabisa iwe kanuni ya kuwatupa waliofungiwa, chini yake ya kutoka orodha ya tatu, kisha ya pili, kisha ya kwanza, na mwisho kabisa iwe ile inayompokea mgeni mpya. Nilipoliona hilo likifanya kazi, anwani zikipanda moja baada ya nyingine hadi kufungiwa, nilifurahi kwa dhati.

Kwa kuwa kinachohesabiwa ni miunganisho, fundi anayefungua madirisha kadhaa ya SSH kwa haraka naye atahesabiwa kuwa mbahatishaji. Kwa hiyo juu ya kanuni zote niliweka ruhusa ya anwani za ndani ya ofisi na za WireGuard, njia ya siri (VPN) ya kuingia kwenye mtandao wetu kutoka nje. Kabla ya kugusa chochote nilibonyeza Ctrl na X kuingia kwenye hali ya usalama, ambayo huyarudisha mabadiliko yote nyuma iwapo muunganisho wako utakatika. Yeyote anayefanya kazi hii akiwa mbali na kifaa asiiruke hatua hiyo.

Kuhusu muda wa kifungo, mifano mingi huweka siku kumi. Mimi niliweka saa chache. Wateja wengi wa intaneti ya simu hutoka nyuma ya anwani moja ya pamoja, na kumfunga mmoja kwa siku nyingi ni kuwafunga wasiohusika. Isitoshe, orodha za muda hukaa kwenye kumbukumbu ya muda tu, hivyo umeme ukikatika zinafutika, na wakosaji wakirudi wanaanza kuhesabiwa upya.

Kamera nilizitoa kabisa kwenye intaneti. Mwenye duka sasa anaziona kwa WireGuard iliyo kwenye simu yake. Ilibaki swichi moja ya Cisco. Huko niliandika login block-for 120 attempts 3 within 60, yaani makosa matatu ndani ya sekunde 60 yafunge mlango kwa sekunde 120. Amri hiyo ikiwa peke yake hufungia kila mtu, akiwemo fundi, kwa hiyo niliiongezea login quiet-mode access-class yenye anwani za ofisi zinazoruhusiwa hata mlango ukiwa umefungwa, nikakosea nywila makusudi kutoka nje mpaka ikajifunga, kisha nikaingia kutoka kompyuta ya dukani bila kizuizi.